Poda ya Chuo Nisichokitaka

Mama yangu hajui kunong'ona. Akikutania ndani ya lifti ya jengo letu pale Albert Park, mtaa wenye wakimbizi wengi kama sisi, watu wa ghorofa ya juu wanacheka. Ndiyo maana nilipomaliza matric, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, kabla sijajua mwenyewe nitasoma wapi, jengo zima lilikuwa limeshajua kwamba nitakuwa injinia wa umeme. Vijana wa duka la simu pale chini waliniletea redio iliyokufa wakitaka niifufue. Niliwaambia wasubiri kwanza nisome, wakasema injinia wa kweli hasubiri.

Shida ni kwamba chuo kikuu nilichokitaka mimi, kile cha kilimani, hakikunitaka. Alama zangu za hisabati zilipungua kidogo, na kwenye milango ile kidogo ni kingi. Walinijibu kwa adabu kwamba nijaribu tena baadaye, nikiwa na matokeo mazuri kutoka mahali pengine.

Na hapo pengine palikuwa pawili. Kulikuwa na chuo kikuu kimoja kaskazini, mbali, safari ya basi ya kuchosha, ambacho nilikiandika kwenye maombi yangu ili tu nafasi isibaki wazi. Uinjinia hawakuwa nao. Wakinichukua, ningesomea ualimu wa historia. Halafu kulikuwa na college ya ufundi hapa hapa mjini, mwendo wa miguu kutoka soko la Warwick, ambako umeme unafundishwa kwa hisabati na kwa mikono. Watu wetu wanaitaja college hiyo kama wanavyomtaja shemeji mlevi: ni ndugu, lakini harusini hatumwaliki.

Mimi moyo wangu ulikuwa college. Si kwamba nilikuwa na busara kuliko wenzangu. Niliogopa tu. Niliona wazi kwamba nikienda kaskazini nitapata jina la chuo kikuu na nitabaki nalo hilo jina, kwa sababu hakuna ngazi inayotoka kwenye historia ikapanda hadi kwenye umeme wa kule kilimani. Kutoka college ngazi ilikuwepo, ingawa nyembamba. Nilipanga kumweleza Mama taratibu, siku akiwa ametulia.

Sikuwahi. Jibu la kaskazini lilinikuta saluni kwake, katikati ya mji, nikimchambulia nywele za kusukia. Simu yangu ilikuwa mezani karibu yake. Mama Kiingereza chake ni cha wateja, lakini neno la pongezi analijua, na lile ndilo lililokuwa la kwanza. Hakusoma la pili.

Sasa, kwetu Kongo mwanafunzi akifaulu mtihani wa taifa humwagiwa poda. Kichwani, usoni, mabegani, mpaka anakuwa mweupe kama ametoka kinuni, kisha anatembezwa mtaani watu wakimpigia vigelegele. Na saluni, jamani, haikosi poda, maana ndiyo ya kupangusia shingo za watu waliotoka kunyolewa. Mama alilinyakua kopo lake, akanimwagia poda yote. Nilipofungua mdomo niseme ngoja, poda ikaingia mdomoni. Alinivuta nje hadi kwenye robot, yaani taa za barabarani za pale konani, madereva wa taxi wakatupigia honi, akina mama wa Kikongo na Kirundi wakatoka madukani kwao wakiimba. Mimi nilikohoa. Wao wakadhani ninalia kwa furaha.

Maji yakimwagika hayazoleki, na poda ni mbaya zaidi. Ukishamwagiwa umeshafaulu, hakuna kurudi nyuma. Jumapili yake kanisani kwaya ya akina mama ilinisimamisha mbele, ikaniimbia, ikanichezea. Mchungaji aliiombea safari yangu ya kaskazini. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma, na moyoni nilikuwa na hasira ambayo hata sasa nikiikumbuka napata joto.

Kesho yake nilimfuata saluni nikamwambia yote kwa pumzi moja: kwamba kaskazini siendi, kwamba historia siipendi, kwamba nikienda huko ndoto yangu ya umeme nimeizika mwenyewe. Alikuwa anasuka. Mikono yake haikusimama. Alimaliza kichwa kile, akamsindikiza mteja mpaka mlangoni, akarudi akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Poda nilishakumwangia, mama," aliniambia. Kwetu mtoto wa kike naye huitwa mama. "Batu wote waliona. Sasa nitawaambia nini?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba awaambie alikosea. Mama mwingine angenishika sikio. Wangu aliniambia nimpeleke akaione hiyo college.

Tulikwenda siku hiyo hiyo. Alivaa kitenge chake cha Jumapili na viatu vinavyombana, akapita navyo katikati ya msongamano wa Warwick, kati ya wapagazi na wauza dawa za mizizi, akisalimia kila mtu kwa Kizulu chake cha kuungaunga kana kwamba anakwenda kupokea mahari. Kwenye karakana tulimkuta mwalimu, mwanamke wa Kizulu mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso, akiwaangalia wasichana waliovaa ovaroli wakiunganisha nyaya ubaoni. Nilidhani Mama atauliza habari za cheti, au kama jengo lina ulinzi. Aliuliza jambo moja tu: wanaotoka hapa wanakwenda wapi.

Mwalimu hakumpaka mafuta. Alisema wapo anaowapeleka kilimani, wachache, wale wanaoishinda hisabati. Wengine wanapata kazi. Na wengi, alisema, wanaishia njiani, wala hawezi kutuahidi kwamba mimi sitakuwa mmoja wao. Nilitamani angetia chumvi kidogo. Mama alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na tulipokuwa tunarudi akasema kwamba mtu anayekuonyesha mashimo ya barabara ndiye anayeijua barabara. Kuhusu uamuzi hakusema kitu, nami sikuthubutu kuuliza.

Jumapili ilipofika, wakati wa ushuhuda, alisimama. Ushuhuda kanisani kwetu ni wa ushindi. Watu husimama wakishapata karatasi za ukimbizi, wakishapona, wakishaolewa. Sijawahi kumsikia mtu akisimama kurudisha ushindi aliokwisha kushangiliwa. Mama alianzisha wimbo kama ilivyo desturi, akaukatisha kabla watu hawajakolea.

"Munamujua huyu mutoto wangu," alisema. "Mulimuimbia juu ya université. Ni miye nilikimbilia kufurahi. Kule hataenda. Ataenda college, hapa chini, sababu ndiko iko njia ya ile kitu anatafuta."

Kanisa likaguna. Kuna mama mmoja mbele yangu aligeuka akanitazama tumbo, maana ndiyo sababu pekee aliyoweza kuifikiria. Nilitamani sakafu ipasuke. Mama akaendelea, na sauti yake, ile inayosikika ghorofa ya juu, ilishuka.

"Miye nilisomaka université kule Bukavu. Hata huyu hajue. Walinimwangia poda, nikaenda kusoma ile walinipatia, haikukuwa ile nilikuwa napenda. Nikasema, nitabadilisha mwaka unaokuya. Mwaka unaokuya ikakuwa ni vita. Basi miye sitamutuma mutoto wangu mahali pa kwenda kungojea."

Akakaa chini. Hakuna aliyepiga makofi, na sidhani kama alikuwa ameyangojea. Mimi nilikuwa namtazama kisogo, zile nywele alizojisuka mwenyewe kwa kupapasa, na nikajiuliza ni vitu gani vingine anavyo humo ambavyo watoto wake hatujawahi kuvisikia. Nilijua anasuka tangu tulipokuwa njiani kuja huku. Nilidhani ndivyo alivyozaliwa.

Wapo waliomnunia kwa majuma. Kuna mteja wa siku nyingi aliyehamia saluni ya jirani akisema Mama amemwaibisha Mungu. Mama alimpungia mkono kila asubuhi akipita, na kwa furaha kabisa, jambo ambalo mimi na ukali wangu nisingeliweza. College nayo ilikuwa ngumu kama mwalimu alivyosema. Wengi tuliokuwa pamoja waliishia njiani, na hawakuwa wajinga. Mimi nilifanyia hesabu zangu pembeni ya vikausha nywele, Mama akiwakataza wateja wasiniongeleshe, yeye mwenyewe akiniongelesha. Kilimani waliponikubali hatimaye, walinikubalia sehemu tu ya masomo niliyokuwa nimefanya, mengine niyarudie. Sikujali.

Siku ya kujiandikisha alinisindikiza. Foleni ilikuwa ndefu, akachoka kusimama, kwa hiyo tulipopita ukumbi mmoja wa mihadhara ulio wazi na mtupu nikamwambia aingie apumzike. Aliangalia kwanza kama kuna wa kumfukuza. Kisha akashuka zile ngazi mpaka safu ya mbele kabisa, akachagua kiti cha katikati, akakaa, akaweka mkoba wake juu ya kile kimeza kidogo cha kuandikia na kuulaza vizuri.

Nilitaka kukaa naye. Akanikataza.

"Enda ufanye mambo yako, mama," alisema, na mara hii alinong'ona. "Miye niache hapa kidogo."

Nilirudi kwenye foleni. Nilipomaliza kujiandikisha nilikuja kumchukua, nikamkuta palepale, amekaa wima, amevua viatu vinavyombana, anautazama ubao ambao haukuwa na kitu. Nilirudi nyuma polepole nikasimama nje ya mlango, nikamwacha akae.