Mtori wa Mzazi

Harufu ya mtori wa jirani, supu nzito ya ndizi na nyama anayopikiwa mwanamke aliyejifungua, imenirudisha Jumamosi ile, saa kumi jioni, mama alipotoka hospitali na mdogo wangu mchanga, mboni zake nyeupe kama maziwa.

"Daktari anasema ni rubela," mama alieleza. "Vile vipele nilivyopata mimba ikiwa changa. Virusi vilimfikia mtoto tumboni."

Bibi mzaa baba alicheka. "Vipele vya siku tatu vimpofushe mtoto? Sema ulikotembea, wewe mwanamke."

Baba alitazama viatu vyake tu. Nilimchukia yeye kuliko bibi. Bibi akaepua mtori wa mzazi, akawamwagia mbwa.

Kesho yake asubuhi mama alikata mkungu wa ndizi mwenyewe, akapika mtori, mtoto akiwa mgongoni. Baba aliponyoosha bakuli, mama alimwambia taratibu, "Huu ni wa mzazi."