Kupanda Usangi Kutafuta Ala ya Pili

Nilipanda Usangi kwa sababu ya vidole viwili. Zilikuwa siku za Mwingereza. Mlango wa behewa ulinibana mkono wa kushoto pale stesheni ya Same, nilipokuwa nampakilia shangazi wa mke wangu mzigo wake wa ndizi. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vilivunjika. Dresa wa zahanati alivifunga vizuri, akaniambia nimshukuru Mungu kwamba havikukatwa, nami nikashukuru. Lakini bandeji ilipofunguliwa vilikuwa vimepinda kama kulabu, na ncha zake hazikuwa na hisia. Nilizigusa nyuzi za gitaa nikaona kwa macho kwamba nimezigusa. Mkono wenyewe haukuniambia kitu.

Mchana nilikuwa nashona viatu sokoni. Jumamosi nilikuwa mpiga gitaa wa bendi yetu ndogo. Viatu vilinilisha, gitaa ndilo lililonipa jina. Mtu akisema "Eliamani", mwenzake atauliza, "Yule wa gitaa?" Sasa nilianza kusikia wakisema, "Yule wa vidole."

Kiongozi wa bendi yetu, Bwana Shabani, fundi cherehani, alikuja nyumbani siku moja.

"Eliamani, nimemchukua kijana wa Korogwe ashike gitaa," akasema. "Usinifikirie vibaya. Watu wanataka kucheza."

"Na mimi?"

"Wewe jifunze ala ya pili. Mpiga gitaa anayejua na kitu kingine ni watu wawili. Nafasi yako nakuwekea mpaka mvua za vuli zipite. Zaidi ya hapo wenzako hawatanielewa."

Yeye alisema ala ya pili. Mimi nilisikia kwamba ya kwanza imekwisha. Usingizi ukanihama. Nilianza kuwaza zumari, fidla, ngoma, kila kitu kinachotoa mlio, na katika kila kimoja nilijiona nimesimama mbele ya watu nikikosea.

Mke wangu, Nakunda, ndiye aliyeniondoa nyumbani. "Nenda Usangi kwa mjomba," akasema. "Ana kodiani, kile kinanda cha kifuani, aliyorudi nayo kutoka vitani. Ukikaa hapa utavitazama vidole hivyo mpaka viote mizizi."

Asubuhi niliyoondoka Same kulikuwa na vumbi na upepo. Nilichukua shuka, chakula cha njiani na gitaa langu. Kwa nini gitaa, hata sasa sijui. Pengine niliogopa kwamba nikiliacha, kijana wa Korogwe atakuja kuliazima. Treni ilipoingia nilisubiri watu wote wapande, kisha nikapita mlangoni mikono yote miwili nimeibana kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Abiria mmoja akacheka. Sikumlaumu. Mlango ulipofungwa moyo uliruka, na haukutulia mpaka Lembeni.

Lembeni nilishuka nikaanza kupanda kwa miguu. Chini kule ni miiba na ardhi nyekundu iliyopasuka. Ukipanda kidogo upepo unabadilika, unaanza kuona mibuni, na mifereji midogo ya maji inayotoka kwenye ndiva, yale mabwawa ambayo wazee wetu waliyachimba juu ya mashamba. Kwa kawaida njia ile hunifurahisha. Siku hiyo kila niliyekutana naye alitazama gitaa mgongoni, akaniambia, "Tupigie basi!" Nami kila mara nilijibu kwamba nina haraka.

Jioni nilifika Kilomeni, kwa Katekista Fransisi, rafiki wa marehemu baba yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekonda. Nini kimekupata?"

Nilimwonyesha mkono. Kwanza tulikula makande. Ndipo akanipeleka kanisani, ambako kulikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, akaniambia nijaribu. Mkono wa kulia ulitembea vizuri, maana vidole vya mpiga gitaa havina uvivu. Wa kushoto ndio uliotia aibu. Vidole vile viwili vilianguka pamoja mahali pasipo pake, kinanda kikatoa mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa. Nilirudia, ikawa vilevile. Tena hata kama ningeweza, ningekibebaje kitu kile mpaka ukumbi wa dansi wa Same?

"Usikate tamaa," katekista akasema.

"Sijakata, baba," nikamjibu. Nilisema uongo. Nilihesabu kwamba ala moja imekwisha kunikataa, na bado nilikuwa sijafika Usangi.

Kesho yake njia ilifuata mgongo wa mlima. Mahali fulani mawingu yalifunguka, nikaliona Ziwa Jipe chini kwa mbali, na ng'ambo yake nchi ya Kenya, tambarare, haina mwisho. Nilikaa juu ya jiwe nikajaribu kushika sauti moja rahisi kwenye gitaa, nikiwa peke yangu. Vidole viwili vizima vilikaa mahali pake. Vile vingine vikalala juu ya nyuzi na kuziua. Nililifunga tena kwenye shuka. Nilitembea upesi baada ya hapo, si kwa sababu ya hamu ya kufika.

Usangi nilifika mchana, ukungu ukiwa umeshuka kwenye migomba. Mjomba wa mke wangu, Sajini Omari, alikuwa uani akichonga mpini wa jembe. Ni mtu mnyoofu anayesema kama anayetoa amri, hata akikukaribisha.

"Kaa! Kunywa! Halafu tuone huo mkono."

Baada ya uji alinivika kodiani yake kifuani. Nilipenda uzito wake. Nilipenda jinsi ilivyopumua nilipoivuta. Kwa muda mfupi nilijiona Same, watu wamenizunguka. Kisha akanionyesha vitufe vya upande wa kushoto, vidogo kama punje za mahindi, vimepangwa mistari kwa mistari, na vyote huvioni, unavitafuta kwa vidole. Nikavitafuta. Maumivu yalipanda mpaka kwenye kiwiko. Niliendelea, jasho likanitoka, mpaka Sajini akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu.

"Hapana," akasema.

"Nipe wiki moja, mjomba."

"Hata mwaka, hapana. Nisikudanganye, wewe ni mume wa mtoto wetu." Akaivua kodiani taratibu. "Unahitaji kitu cha mkono wa kulia. Tarumbeta. Lina vibonyezo vitatu, vyote vya mkono wa kulia. Wa kushoto unashika tu."

"Tarumbeta nitalipata wapi?"

Sajini alitazama ng'ambo ya bonde. "Lipo moja. Mwenyewe amefariki. Mbonea, aliyekuwa akipiga na kikundi cha matarumbeta cha kanisa la Kilutheri pale. Alilinunua mwenyewe alipokuwa kazini Mombasa. Liko kwa mjane wake."

Nilijisikia vibaya, kwa sababu moyo wangu uliruka kwa furaha kabla sijasema "Mungu amrehemu."

Jioni hiyohiyo tulikwenda kwa mjane huyo, Mama Naelijwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, bado amefunga kitambaa cheusi. Nilimwamkia, nikampa pole ya msiba.

"Nimekwisha kupoa," akasema. Sajini alipoeleza shida yangu, mama yule hakumtazama yeye, alinitazama mimi mkononi. Kisha aliingia ndani akatoka na tarumbeta limefungwa kwenye khanga. "Mwalimu wa kikundi amelijia mara tatu," akasema. "Nimemwambia angoje. Wewe piga nisikie."

"Mama, sijawahi kulishika."

"Ndiyo maana nataka kusikia."

Nilipuliza. Ukatoka upepo. Nilipuliza kwa nguvu zaidi, mashavu yakavimba, macho yakajaa machozi, na bado ulikuwa upepo mtupu. Kwenye gitaa hata mtoto akigusa uzi utalia. Kitu hiki kilikuwa kinanikatalia hata sauti moja mbaya. Nikataka kulirudisha. Sajini alikohoa akatazama chini.

"Usivimbe," Mama Naelijwa akasema. "Yeye alikuwa akibana midomo, halafu anaitetemesha. Hivi." Akaonyesha kwa midomo yake mwenyewe, bila haya.

Nikafanya hivyo. Na ghafla sauti ikatoka, nene, ndefu, ikavuka bonde na kurudi. Nilishtuka mwenyewe. Mama Naelijwa akasimama, akatoka nje, akaenda mpaka kwenye migomba akatugeuzia mgongo. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Niliketi na chuma kile magotini, nisijue kama nimefanya jema au nimemjeruhi mtu. Nilimnong'oneza Sajini kwamba tuondoke. Akasema, "Kaa." Kwa mara ya kwanza hakusema kwa amri.

Mama aliporudi uso ulikuwa mkavu. "Sikupi," akasema. "Bado. Keshokutwa, Ijumaa, tunamzika bibi wa nyumba ile ya juu, wanawe wakisha kufika. Kikundi kimepungukiwa na sauti ya chini. Kapige."

Alhamisi yote na asubuhi ya Ijumaa zilikuwa mbaya kuliko siku za bandeji. Mwalimu Eliasi, kiongozi wa kikundi, alinifundisha nyuma ya kanisa. Alikuwa mpole, lakini hakuficha wasiwasi wake. Wimbo wa maziko ulihitaji kutoka kwangu sauti tatu tu, kwa zamu. Sauti tatu! Mimi niliyekuwa nikipiga gitaa kutwa bila kurudia. Midomo ilivimba nikashindwa kunywa chai. Sauti ya pili ilikuja ikipenda, isipopenda haikuja. Nikimwona mtu anapita njiani nililishusha tarumbeta nikajifanya nalifuta.

Ijumaa mchana mvua ya manyunyu ilikuwa inashuka. Jeneza lilipoinuliwa mwalimu akatoa ishara. Wenzangu wakaanza, na mimi nikatoa upepo. Watoto wa marehemu walikuwa mbele yangu kabisa. Nilifikiri, nimeuharibu msiba wa watu. Jirani yangu kwenye mstari, bila kuacha kupiga, alinigusa kwa kiwiko, basi, kama kusema ingia panapofuata. Nikabana midomo. Ikaja ya kwanza. Ikaja ya pili, inatetemeka, ikasimama. Ya tatu nilishangaa kuikuta iko mahali pake, chini ya zile nyingine, imezibeba. Tulitembea hivyo mpaka kaburini, na wale watoto wa marehemu walilia kwa sauti, lakini si kwa sababu yangu.

Baada ya maziko Mwalimu Eliasi alikuja uani kwa Mama Naelijwa. "Nimesikia unapiga dansi kule Same," akaniambia. "Sisemi kwa ubaya, ndugu yangu. Lakini tarumbeta lililolia kaburini, Jumamosi liwapigie watu wanaolewa?"

Niliona jambo lote linavunjika mbele ya macho yangu.

Mama Naelijwa ndiye aliyejibu. "Mwalimu, mume wangu alilipigia maziko na harusi. Alilipiga tulipomaliza kutengeneza ndiva. Siku moja alilipiga kwenye pombe ya dengelua, nawe ulikuwepo, ulikunywa." Mwalimu akainamisha kichwa akitabasamu kidogo. Mama akanigeukia mimi. "Nakuazima, sikupi. Tukifiwa hapa nitatuma habari kwa watu wa lori wanaoshuka Same. Ukisikia, unapanda. Siku moja usipopanda, utalirudisha."

"Nitapanda, mama," nikasema. Nilijua kwamba sasa nina hofu nyingine ya kuishi nayo: kuitwa.

Jumatatu niliteremka. Sajini alinisindikiza mpaka njia inapoanza kushuka, akanipa ndizi na asali ya kumpelekea Nakunda. Nilibeba gitaa mgongoni na tarumbeta mkono wa kulia, na chini kwenye joto la Lembeni nilingoja treni kwenye kivuli cha stesheni, nikibana midomo na kuitetemesha bila kutoa sauti. Mwanamke mmoja akaniuliza kama naumwa meno.

Same nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Shabani, na vumbi langu la njiani. Alilitazama tarumbeta, akanitazama midomo.

"Unaweza nini?" akauliza.

"Sauti tatu."

Cherehani ilikuwa imesimama katikati ya mshono. Nilidhani sasa ataniambia kwamba nafasi yangu imekwisha.

"Basi tutaanza na wimbo wa sauti tatu," akasema, akaendelea kushona.

Tangu hapo nimeitwa Usangi mara nyingi, na sijakosa. Vidole havikunyooka, gitaa nalipiga nyumbani kwa vile vilivyobaki, nyimbo nyepesi. Wanaoniuliza nilikokwenda nilijifunza nini hutarajia niwaambie habari za milima. Nami huwaambia hivi: nilipoondoka nilidhani natafuta ala inayofaa mkono wangu. Kumbe nilikuwa natafuta ala ambayo ningejifunza bila mtu kunisikia nikikosea. Nimezunguka nayo hofu hiyo kutoka Same mpaka Usangi na kurudi. Ala ya namna hiyo haipo, na tarumbeta, ambalo hata kosa lake huvuka bonde, ndilo la mwisho mtu angeweza kujifunza kwa siri.