Nyota Mbili za Sonara Famau

AMU (Lamu), Aprili 1912. Swala ya magharibi imekwisha, na Famau amepiga magoti uani kwake, mtaa wa Langoni. Jicho limegandana na darubini ndogo ya shaba. Mchana hufua vikuku na vipuli vya fedha; giza likiingia, huwinda nyota.

Darubini aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirejea kwao. Mzungu yule alimwonyesha nyota moja ya kaskazini, akamwambia kwamba hasa ni mbili, zimekaribiana mno.

"Kila nikitazama, naona moja," asema Famau. "Nikadhani nimeuziwa uongo."

Siku za Maulidi alikuja jirani yake Gharib, mchonga milango. Aliinama kidogo tu.

"Ziko mbili! Zimebanana kama punje za mtama."

"Muongo wee!"

Famau akamwita mkewe, Umulkheir, atazame bila kuambiwa neno. Naye akaona mbili.

"Darubini yangu, uwa wangu, magoti yaliyochubuka yangu," asema Famau. "Kisha aje mtu na kanzu yake safi, aone yeye!"

Akaifungia darubini sandukuni. Gharib alipobisha hodi, akaambiwa imevunjika. Msikitini Famau akahama safu, asisimame naye bega kwa bega.

"Kilikuwa kijicho tu," asema Umulkheir. "Bwana mzima hali chakula kwa ajili ya nyota!"

Ndipo Bi Khairiya, mteja wao wa zamani, aliporudisha kikuku chenye ufa. Famau alikisogeza kwenye jicho la kulia, kama alivyozoea, akakigeuza na kukigeuza, asiuone. Umulkheir akauona kutoka mlangoni.

"Hebu fumba jicho la kulia," akamwambia mumewe.

Akafumba. Ufa ukamtokea wazi. Jicho lile, alilolielekeza kwenye moto wa tanuri tangu ujana, lilikuwa limefifia, naye hakujua.

Jioni ile aliitoa darubini, akaweka jicho la kushoto. Nyota ikatetemeka, ikatulia, ikagawanyika ikawa mbili.

"Nililia," asema. "Nililia kwa furaha, na kwa kuwa Gharib alinitangulia."

Siku hizi hufua fedha kwa kulitegemea jicho la kushoto, na Gharib, aliyekwisha kuambiwa ukweli wa darubini, huja tena kutazama. Lakini Famau anasogea karibu na mwandishi, ananong'ona:

"Kuna nyengine, kusini. Naidhania nayo ni mbili. Nataka niione mimi kwanza, kwa jicho hili lililonibakia. Nikishaiona, nitakwenda mwenyewe kumgongea Gharib mlango."