Shimo la Salumu

Juzi huko Wamaza nilimwona mama mmoja akimkalisha mtoto mlegevu ndani ya beseni, nikakumbuka harufu ya mawese ya moto.

Siku moja nikiwa mdogo, mama yetu alikuwa kwenye shamba la pamba ya serikali. Bibi alimchimbia mdogo wangu Salumu shimo uani, akamtia hadi kiunoni ili ajifunze kukaa, akamsugua mgongo kwa mawese huku akiimba. Niliamini Salumu anajilegeza makusudi ili abembelezwe. Bibi alipomtoa, niliingia mimi.

“Toka, mama,” Bibi aliniambia. “Wewe uko na mifupa.”

“Na mimi unipake.”

“Toka kwanza.”

Niliruka nje mara moja. Bibi aliitazama miguu yangu kwa muda mrefu, Salumu akiwa amemlalia begani kama nguo iliyolowa. Leo najua kwamba siku ile si mimi peke yangu niliyekuwa na wivu.