Mwalimu Filbert bado anasoma

Jamani, leo nimemwona marehemu yuko mtandaoni.

Sitanii. Niko hapa kwenye kituo chetu cha kompyuta, Kasulu mjini.

Bosi kaniagiza nikadirie kozi yetu ya walimu ya mtandaoni inamchukua mtu muda gani kuimaliza. Kazi rahisi, kompyuta inahesabu yenyewe. Nikafungua orodha ya majina.

Wote wamemaliza, kasoro Mwalimu Filbert wa Nyakitonto. Tulimzika wakati wa mvua.

Na jina lake lina taa ya kijani. Yaani anasoma. Sasa hivi!

Nikageuka taratibu.

Kwenye kompyuta ya dirishani amekaa mjane wake, kitenge kichwani, anatazama ukurasa wa mwisho wa kozi ya mumewe. Kumbe ndicho anachofuata hapa kila siku ya soko! Mimi nilidhani anasoma habari.

Nikamsogelea. "Shikamoo, mama. Bonyeza hapo chini uendelee."

Akanishika mkono.

"Hapana, mwanangu. Aliniachia neno lake la siri. Nikibonyeza hapo, wataandika amemaliza."

Nimerudi mezani kwangu. Taa bado ya kijani.

Bosi anasubiri jibu. Nyie mngemwandikia muda gani?