Kofia ya Fundi

Fundi wetu wa Kitengela huwa havui kofia. Hulala nayo chini ya gari, hunywa nayo chai, na hata mchungaji akileta gari lake husalimiwa kofia ikiwa kichwani. Huivua tu gari likiwa limekufa kabisa, kama mtu aliyefika matangani, kisha husema, "Hii uzia watu wa vyuma."

Basi mwaka wa 2003 nilipompelekea pikapu yangu kuukuu ya kuuzia maji, sikutazama injini. Nilitazama kofia, maana bila ile pikapu Nelima wangu angekaa nyumbani kwa kukosa karo ya sekondari. Fundi aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho. "Mama Nelima, hii mlinunua ama mliokota?" Nikamwambia atukane gari, asinitukane mimi. Akacheka, akasikiliza tena, na kicheko kikaisha. Mkono ukapanda, kofia ikatoka, upara ukang'aa. Ndipo akaniona nilivyokodoa macho. Akajipangusa kichwa haraka, akairudisha. "Ni jasho tu, mama. Niachie mpaka Jumatano."

Ilikuwa Julai, nami nilikuwa nimevaa sweta mbili.