Kule Penye Mchele

Mwaka ule kwetu tulikula muhogo asubuhi, muhogo jioni, hata baba, Mbengali mpishi wa meli, akatupeleka kwao penye mchele.

Leo hapa Arlington, ughaibuni, jirani kakaanga samaki kwa mafuta ya haradali, nami kwa harufu ile nikauona tena mpunga wa kwao baba umesimama majini mpaka macho yachoke, na bwawani mabua ya nyuzi za magunia yamelowekwa, yananuka kama meno mabovu.

Mama yake baba alinipapasa mbavu, akasema kitu. Baba akafasiri: "Mtoto abaki, huku atashiba."

Mimi nilikuwa na tonge mdomoni. Sikulia, sikufurahi, nilitafuna.

"Mtoto simwachi," mama akasema.

"We mwanamke, kule utamlisha nini? Ukaidi?" baba akasema.

"Mtoto simwachi."